Kuanza tiba ya mazungumzo Dar es Salaam: mwongozo kamili kuanzia miadi ya kwanza hadi kikao cha mwisho

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayeishi Dar es Salaam ambaye amekwisha kuamua, au yuko karibu kuamua, kwenda kuzungumza na mtaalamu wa afya ya akili, lakini hajui atakutana na nini akishavuka mlango. Sikusudii kumshawishi mtu kwamba sonona, hofu iliyopitiliza au machungu ya mambo yaliyompata zamani ni maradhi ya kweli, kwa maana naamini aliyefika kusoma hapa analijua hilo mwilini mwake. Nimewaona watu wengi, nami nikiwa mmoja wao, wakienda mara moja au mbili kisha wakaacha kimya kimya, kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema kwamba kikao cha kwanza hujaa maswali, kwamba baada ya kikao cha pili au cha tatu mtu anaweza kujisikia vibaya kuliko alivyokwenda, na kwamba mtaalamu hatoi ushauri kama anavyoutoa shangazi au mzee wa mtaa. Mimi niliacha baada ya kikao cha pili na nikarudi baada ya miezi minane. Miezi hiyo naihesabu kuwa hasara ambayo maelezo ya nusu saa yangeweza kuizuia.

Kabla ya kuendelea, kuna jambo lisilosubiri miadi. Ikiwa wewe au mtu wa nyumbani kwako anafikiria kujiua, hasa kama ameshafikiria namna na wakati, nendeni leo hii idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, usiku au mchana, na asiachwe peke yake hata kwa nusu saa. Dawa zilizobaki kabatini na sumu za wadudu ziondolewe nyumbani. Namba ya dharura ni 112, na kwa mambo yanayomhusu mtoto kuna namba 116, ambayo hupigwa bila malipo.

Kujua unakwenda kumwona nani

Tunaposema "naenda kwa mshauri", tunaweza kuwa tunazungumzia watu wanne tofauti, na ukikosea wa kuanza naye unaweza kupoteza wiki kadhaa. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari wa tiba aliyeendelea na masomo katika fani hiyo. Ndiye anayeandika dawa, anayeagiza vipimo vya damu na anayeamua kulaza mgonjwa inapobidi, na sharti awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa. Kazi yake ni tiba ya mazungumzo yenyewe, yenye mpango, mazoezi na kipimo cha maendeleo. Mshauri nasaha, ambaye wengi wetu tulimfahamu kwanza katika huduma za Virusi vya Ukimwi, anafaa sana kwa mtu aliyefiwa, aliyepewa majibu mazito ya hospitali au mwenye mgogoro wa ndoa. Afisa ustawi wa jamii hushughulikia matunzo ya watoto, ukatili wa nyumbani na, katika hospitali za serikali, maombi ya msamaha wa gharama kwa wasio na uwezo. Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au aliyekaa siku kadhaa bila kulala huku ana nguvu za ajabu, aanze kwa daktari. Aliyelemewa na huzuni au hofu anaweza kuanza kwa yeyote kati ya wawili wa kwanza, na mtaalamu mwaminifu atampeleka kwa mwenzake akiona inafaa.

Kwa upande wa serikali, Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na hospitali tatu za rufaa za mkoa, yaani Amana, Mwananyamala na Temeke, nazo huhudumia wagonjwa wa akili wa nje. Njia ya kawaida ni kuanzia zahanati au kituo cha afya cha karibu na kuomba barua ya rufaa, hasa kama unatumia bima, kwa sababu kadi ya bima inaweza kukataliwa ukiruka ngazi. Uliza pia kliniki inafanyika siku gani, maana aliyekwenda siku isiyo yake hurudi na nauli aliyopoteza. Jiandae kwa asubuhi nzima: dirisha la kadi, dirisha la malipo, kupimwa presha na uzito, kisha benchi. Hospitali na kliniki binafsi hupanga miadi kwa simu na foleni yake ni fupi, ila gharama ni kubwa zaidi, na ndiyo sababu maswali ya pesa yaulizwe kabla ya kuweka miadi: kikao kimoja ni shilingi ngapi, kinachukua dakika ngapi, ukishindwa kufika unatozwa nini, na kama bima yako inalipia mazungumzo yenyewe au inalipia dawa peke yake.

Hofu ya kuonekana kwenye benchi lile ninaielewa. Jina la Mirembe, hospitali iliyoko Dodoma, limegeuzwa kuwa tusi la mitaani, na mtu akisikia "magonjwa ya akili" humjia picha ya kufungiwa. Ukweli ni kwamba wengi wanaotibiwa hutibiwa wakitokea nyumbani, wanafika kwa miguu yao na kuondoka kwa miguu yao. Siku niliyokaa mimi, kushoto kwangu alikuwa mwalimu akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake, na kulia mama aliyemleta kijana wa kidato cha nne aliyekuwa amevaa sare. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Wiki moja kabla ya miadi

Nunua daftari dogo na kwa siku saba andika mambo machache: ulilala saa ngapi na kuamka saa ngapi, ulikula nini, mwili uliuma wapi, na saa gani ya siku hali ilikuwa mbaya zaidi. Usiandike insha. Mstari mmoja kwa siku unatosha, na utakuokoa na aibu ya kuulizwa "imeanza lini?" ukabaki unakodoa macho.

Kusanya pia karatasi za vipimo vya nyuma. Katika mji huu mtu mwenye sonona hupimwa malaria na taifodi mara nyingi kabla hajaulizwa lolote kuhusu moyo wake, kwa sababu maradhi haya hujitokeza kwanza kama kichwa kinachouma, tumbo linalosokota, mwili usio na nguvu na usingizi uliokatika. Karatasi hizo zina faida: zinamwonyesha mtaalamu kilichokwisha kuangaliwa. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya thairoidi iliyo shingoni yanaweza kumfanya mtu achoke na kuhuzunika kwa namna inayofanana sana na sonona, kwa hiyo usishangae ukiagizwa kupima damu kabla ya mambo mengine. Orodhesha kila unachomeza, pamoja na dawa za mitishamba ulizopewa na mganga, pombe na bangi. Mtaalamu haulizi ili akuhukumu. Baadhi ya vitu hivyo hugongana na dawa za hospitali, na vingine ndivyo vinavyokukosesha usingizi.

Siku ya kwanza

Chumba chenyewe ni cha kawaida: meza, viti viwili au vitatu, feni, na karatasi laini za kufutia machozi zilizowekwa mahali unapoweza kuzifikia bila kuomba. Kikao huchukua kati ya dakika 45 na saa moja, na sehemu kubwa ya muda huo utaulizwa maswali. Umefikaje hapa leo? Hali hii ilianza lini, na wakati huo kulikuwa na nini kingine maishani mwako? Unaishi na nani? Kuna mtu wa ukoo aliyewahi kupatwa na hali kama hii? Umewahi kupigwa, kulazimishwa au kuumizwa? Maswali haya yanaweza kukufanya uhisi kama uko mbele ya karani, na wengi huondoka wakisema, "Ameniuliza tu, hajanisaidia kitu." Hiyo ndiyo kazi ya siku ile. Fundi anayepokea gari na kuanza kufungua nati kabla ya kuuliza lilianza kugonga lini hawezi kuaminiwa.

Pengine utapewa dodoso. Linalotumika sana kwa sonona lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla yake ya juu ni 27. Alama 10 na kuendelea humfanya mtaalamu achunguze kwa kina zaidi, lakini namba peke yake haitoi jina la ugonjwa. Faida yake kubwa utaiona baadaye, ukijaza tena dodoso lilelile baada ya wiki sita na kulinganisha.

Utaulizwa waziwazi kama umewahi kufikiria kujiua. Swali hilo huulizwa kwa kila mtu, kwa hiyo usidhani kuna kitu kimeonekana usoni pako, na kuliuliza hakumpandikizi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Najua kinachowafunga wengi midomo: kwa miaka mingi Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kumweleza mtaalamu kwamba mawazo hayo yanakujia si jaribio, na kulificha jibu kunamnyima kile anachohitaji ili akulinde. Ukisema ndiyo, ataendelea kuuliza kwa utulivu ni mara ngapi yanakuja, ni nini kinachokuzuia, na nani anaweza kukaa nawe, kisha mtaandika pamoja mpango wa nini ufanye na nani umpigie yakizidi.

Huna wajibu wa kueleza kila kitu siku hiyo. Maneno "naomba hilo tuliache kwanza" yanakubalika kabisa, na mtaalamu mzuri ataandika kwamba kuna jambo bila kulichokonoa. Ukilia, hakuna atakayekuharakisha unyamaze. Akinyamaza yeye, usidhani amekosa la kusema. Anakupa nafasi, na katika jiji hili ambako kimya ni adimu, sekunde thelathini za kimya zinaweza kuonekana ndefu mno.

Mwisho wa kikao muulize mambo matatu kabla hujasimama: anaionaje hali yako, anapendekeza vikao vingapi na kwa nafasi gani, na mtajuaje kwamba mnasonga mbele. Lengo liwe kitu kinachoonekana. "Nataka nijisikie vizuri" halipimiki. "Nataka nilale kabla ya saa sita usiku angalau siku nne kwa wiki, na niweze kwenda msibani bila kutoroka kabla ya maziko" linapimika.

Jibu la "nzuri"

Hapa ningependa nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipokwama mimi. Lugha yetu imetulea tangu utotoni kwamba habari ni nzuri kwanza, mengine baadaye. Hata anayetoka kuzika huulizwa "habari za nyumbani?" na kujibu "nzuri", ndipo aanze kueleza msiba. Katika kikao changu cha pili mwanasaikolojia aliniuliza habari za wiki nzima, nami niliyekuwa nimekesha usiku tatu mfululizo nikamjibu, "Nzuri tu, tunamshukuru Mungu." Kisha nikaendelea kulinda jibu langu kwa dakika arobaini, nikichagua maneno yasiyopingana nalo, nikatoka nikiwa na hakika kwamba tiba haina maana. Sikurudi.

Dawa niliyoipata baadaye ni ndogo mno. Salamu ipokewe kama salamu: mwamkie mkubwa kwa "shikamoo", jibu "nzuri", hayo ni heshima na hayadhuru. Baada ya hapo fungua daftari na usome ulichoandika. "Jumatatu nililala saa nane usiku. Jumanne sikula. Alhamisi nilimfokea mtoto kisha nikalia bafuni." Karatasi haina haya ya kusema "si nzuri", nawe huhitaji kutafuta ujasiri wakati ule.

Kuna pia suala la umri. Mtu wa miaka sitini anaweza kumkuta binti wa miaka ishirini na nane akiwa ndiye mtaalamu, akaona vibaya kumweleza mambo ya chumbani. Ni haki yake kuomba mtu mwingine, wa rika au jinsia anayoiona inafaa, na hakuna utovu wa adabu katika kuomba hivyo. Kabla ya kuomba, hata hivyo, ningemshauri akae kikao kimoja, kwa sababu wapo wazee walioniambia kwamba ilikuwa rahisi kuzungumza na mtu asiye wa ukoo wala wa rika lao, ambaye hawatakutana naye kwenye kikao cha harusi.

Tumia maneno yako mwenyewe. "Moyo unakwenda mbio", "kichwa kimejaa", "roho imekufa ganzi" ni maelezo kamili, na mtaalamu akikuuliza unamaanisha nini hajakudharau: "mawazo" ya mtu mmoja ni madeni, ya mwingine ni kumbukumbu za ajali zinazomrudia usiku. Kama machungu yako yanakuja kwa Kinyakyusa au Kisukuma, yaseme hivyo kwanza, halafu uyaeleze.

Siri yako inalindwa vipi

Unayoyasema hayatoki nje ya chumba ila kwa sababu chache, na mtaalamu anapaswa kukueleza sababu hizo siku ya kwanza bila kusubiri uulize. Kwa kawaida ni pale maisha yako yako hatarini, pale unapokusudia kumdhuru mtu, pale mtoto anapofanyiwa ukatili, ambapo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka wajibu wa kutoa taarifa, na pale mahakama inapoagiza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inazitambua taarifa za afya kuwa nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada. Uliza faili lako linakaa wapi na nani analisoma. Ukimkuta mtaalamu wako sokoni, wengi wao hawatakusalimu mpaka uwasalimu wewe, ili wasikutie katika maswali ya uliyefuatana naye.

Wanaofanya kikao kwa simu wana tatizo la aina yake. Katika nyumba za kupanga ambazo ukuta wa chumba hauishii kwenye dari, jirani husikia hata unavyokohoa. Nimewajua watu waliofanya vikao vyao ndani ya gari lililoegeshwa, na mwingine kwenye chumba cha mikutano cha ofisi kabla wenzake hawajafika. Tumia visikizio vya masikioni, hakikisha kifurushi kinatosha, na mkubaliane mapema na mtaalamu neno la kumweleza kwamba mtu ameingia na huwezi kuendelea.

Kazi yenyewe, kuanzia kikao cha pili

"Kuongea tu kutanisaidia nini?" Swali hili ni la haki. Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi na kuwasaidia kupanga namna ya kukabili tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliolinganisha watu hao na waliopata huduma ya kawaida, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba dalili za sonona na hofu zilipungua zaidi kwa waliokaa na akina bibi. Walichofanya kilikuwa zaidi ya maongezi ya barazani, kwa sababu kila mkutano ulikuwa na hatua na kazi ya kwenda kufanya nyumbani.

Ndivyo itakavyokuwa kwako. Njia inayotumika sana duniani ni ile iliyoanzishwa Marekani miaka ya 1960 na daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck, inayofanya kazi na fikra pamoja na matendo, na mara nyingi huchukua vikao kati ya 6 na 20. Nitatoa mfano niliouchora kutokana na mazoezi ya namna hiyo. Kijana anayeuza duka Kariakoo anapokea ujumbe wa tajiri wake usiku: "Kesho uje mapema." Wazo linalomjia ni "ananifukuza kazi", hofu inafika 90 kati ya 100, na usingizi unaruka. Katika daftari anachora safu sita. Ya kwanza ni tukio, yaani maneno ya ujumbe bila kuongeza. Ya pili ni wazo. Ya tatu ni hisia na kiwango chake. Ya nne ni ushahidi unaoliunga mkono: mwezi uliopita alikosea hesabu ya mzigo. Ya tano ni ushahidi unaolipinga: tajiri ametuma ujumbe kama huo mara tatu kontena lilipoingia, na funguo za duka bado ziko mfukoni mwa kijana. Ya sita ni wazo lililokaa sawa zaidi: "Huenda mzigo umefika, kama ni kosa ataniambia, nami nitajieleza." Hofu inashuka hadi 50, haifutiki. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani zoezi limeshindwa, ilhali kutoka 90 hadi 50 ndiyo tofauti ya kukesha na kulala kwa muda wa saa nne.

Kwa mwenye hofu ya ghafla mazoezi huwa ya kutembea. Mtu aliyewahi kubanwa na pumzi ndani ya mwendokasi akadhani anakufa, kisha vipimo vya moyo vikaonyesha uko salama, huanza kukwepa basi, halafu kituo, halafu barabara yenyewe. Mtaalamu humpangia ngazi: wiki ya kwanza asimame kituoni Kimara kwa dakika kumi bila kupanda, wiki inayofuata apande hadi Ubungo saa nne asubuhi, abiria wakiwa wachache, kisha hadi Magomeni, mwishowe hadi Kivukoni saa ya msongamano. Kila hatua anabaki mahali pale mpaka hofu ianze kushuka yenyewe, kwa sababu akishuka ikiwa kileleni mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa.

Sasa lile ambalo laiti ningeliambiwa. Kati ya kikao cha pili na cha nne, hasa kwa waliobeba mambo mazito ya utotoni, hali inaweza kuwa mbaya kidogo kabla ya kutulia. Ndoto zinarudi, machozi yapo karibu, hasira inakuja bila hodi. Usipange kikao muda mfupi kabla ya mkutano wa kazi. Ukitoka, kaa robo saa mahali penye kivuli, unywe maji, ndipo ukaingie kwenye daladala iliyojaa. Na kikao kinachofuata sema hivyo hivyo: "Wiki hii imekuwa mbaya kuliko iliyopita." Huenda kasi ikapunguzwa. Ikiwa hali inazidi kudidimia wiki baada ya wiki, au mawazo ya kufa yanaongezeka, usingoje miadi.

Ukiandikiwa dawa

Dawa na mazungumzo vinaweza kwenda pamoja, na kwa sonona kali mara nyingi hupendekezwa hivyo. Dawa kama fluoxetine au amitriptyline hazifanyi kazi siku ya pili. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki 2 na 4, wakati mwingine zaidi, huku kichefuchefu, kinywa kukauka au usingizi mzito vikitangulia. Usiache ghafla ukijiona umepona, kwa sababu kwa kawaida huendelea kutumiwa kwa angalau miezi 6 baada ya nafuu, kisha hupunguzwa taratibu. Haziwafanyi watu kuwa mateja, kama inavyosemwa mitaani. Vidonge vya usingizi vya aina ya diazepam ndivyo vinavyoleta utegemezi vikitumiwa kwa muda mrefu, na usivinunue duka la dawa kwa kuelekezwa na jirani. Mwambie daktari mapema kama una ujauzito, unanyonyesha au unakusudia kufunga Ramadhani, ili apange dozi kati ya futari na daku. Anayetumia lithium, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, asianze kufunga bila kuzungumza naye, maana upungufu wa maji mwilini hupandisha kiwango cha dawa hiyo kwenye damu.

Nyumbani na kazini

Huku kwetu mgonjwa husindikizwa, na ni jambo jema. Msindikizaji anaweza kueleza asichokiona mgonjwa, lakini una haki ya kuomba abaki nje kwa sehemu ya kikao. Akikuuliza njiani "mmeongea nini?", jibu la "tumeanza vizuri, nitakueleza nikiwa tayari" halivunji heshima ya mtu. Sheikh, padri au mchungaji wako naye hajaondolewa katika maisha yako, na mtaalamu anayejua kazi yake hatakutaka uchague kati ya dua na tiba.

Kwa mwajiri, cheti cha daktari kinatosha bila kueleza ulichozungumza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, na cheti hicho kitoke kwa daktari aliyesajiliwa.

Ukiona hamwendani

Baada ya vikao vitatu au vinne jiulize kama unasikilizwa, kama unaelewa kwa nini mnafanya mnachofanya, na kama unaweza kumpinga bila kuogopa. Jibu likiwa hapana, mwambie yeye kwanza. Mara nyingi mazungumzo hayo ndiyo yanayofungua njia, na isipofunguka muombe akuelekeze kwa mwingine. Yapo, hata hivyo, mambo ambayo hayahitaji mazungumzo: mtaalamu anayekukopa pesa, anayekutongoza, anayekusimulia siri za wagonjwa wengine, anayekuahidi kupona kwa idadi fulani ya siku, au anayekuamuru uache dawa alizoandika daktari. Hapo ondoka, na uripoti kwa uongozi wa kituo.

Vikao vya mwisho

Tiba haikatwi kama simu. Nafasi kati ya kikao na kikao hupanuliwa, kutoka wiki moja hadi mbili, kisha mwezi, na dodoso la siku ya kwanza hujazwa tena ili muone alama zilivyosogea. Katika kikao cha mwisho mtaandika dalili zako za awali za kurudiwa, zile ndogo ambazo wewe peke yako unazijua. Zangu ni tatu: kuacha kupokea simu za mama, kulala na nguo nilizoshinda nazo, na kujibu "nzuri" haraka kuliko kawaida. Karatasi hiyo nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, na nakala yake anayo dada yangu, ambaye tulikubaliana kwamba akiona mbili kati ya hizo kwa wiki mbili mfululizo atanikumbusha kupiga simu kliniki. Omba tarehe ya kuangaliwa tena iandikwe kwenye kadi yako kabla hujatoka, hata kama ni ya miezi mitatu ijayo na siku hiyo unajiona mzima.